Kambare wa tangi la nyumbani: peleti, omena au mboga? Na akiugua, chumvi au dawa ya chupa?

Saa nne usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, ndipo utakapomjua samaki wako wa chini. Washa tochi ya simu na uielekeze ukutani, pembeni ya tangi, ili mwanga umfikie kidogo tu. Koridora, kambare mdogo wa matangini, akiwa mzima hutembea juu ya mchanga akiupekua kwa sharubu zake, pezi la mgongo limesimama, tumbo limejaa. Yule wangu wa kwanza kuugua, hapa Kisumu, alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, mapezi ameyabana mwilini, na mkiani mwake mlikuwa na chembe tatu nyeupe, ndogo kama chumvi ya mezani. Kesho yake nilienda duka la samaki nikauziwa chupa ya dawa ya kijani na kuambiwa idadi ya matone. Niliifuata bila kuongeza wala kupunguza. Kufikia siku ya pili, koridora wanne kati ya sita walikuwa wamekufa. Gapi na tetra, samaki wadogo wenye magamba walioishi nao tangi moja, walipona wote.

Dawa ile ililingana na ugonjwa. Kipimo ndicho kilichowaua, kwa sababu kilipangiwa samaki wenye magamba. Mumi na gogogo wana ngozi tupu, koridora na pleko wana mabamba ya mfupa, na jamaa hii yote ya kambare huumizwa haraka na dawa za rangi, shaba na pamanganeti. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya tangi, samaki wake hali chakula, na hajui aanzie wapi.

Nitataja wanne, maana ndio ninaowaona kwenye matangi ya huku. Koridora ni mdogo, wa kuishi kwa kundi, asili yake Amerika ya Kusini. Pleko ni wa huko huko. Wa kawaida hupita sentimita 30 na hatimaye hulishinda tangi, lakini yule mwenye ndevu usoni huishia sentimita 12 hadi 15. Gogogo, ambaye Waluo humwita okoko, yumo katika Ziwa Victoria lenyewe. Halafu kuna mumi, kambare wetu wa kupikwa, ambaye watoto humleta nyumbani akiwa mdogo kama kidole. Huyo anaweza kupita mita moja, kwa hiyo kwenye tangi la kioo ni mgeni wa miezi michache tu.

Chembe nyeupe na utando mweupe si kitu kimoja

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ukikosea hapa kila utakachofanya baadaye kitamdhuru samaki.

Chembe nyeupe zilizotawanyika, kila moja imejitenga na mwenzake, husababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila chembe ni kimelea mmoja aliyejichimbia chini ya ngozi, analisha. Akiwa huko dawa haimfikii. Akishiba hujitoa, huanguka mchangani, hujifunika na kugawanyika mara nyingi, kisha mamia ya watoto wake hutoka wakiogelea kutafuta samaki wa kumshika. Chumvi, joto na dawa ya chupa vyote huua hawa wanaoogelea tu. Ndiyo maana chembe zikitoweka siku ya tatu watu hushangilia na kuacha tiba, na baada ya siku chache zinarudi mara kumi. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko huo huchukua takriban wiki moja. Maji yakiwa nyuzi 15 unaweza kuvuta wiki mbili au zaidi.

Utando mweupe wa kijivu, uliolala mgongoni kama tandiko la punda au ulioizunguka midomo kama pamba iliyolowa, ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Wafugaji huuita kolumnarisi. Huu hukimbia. Samaki aliyekuwa na doa asubuhi anaweza kuwa amelala ubavu jioni ya kesho. Na joto huuchochea. Mtu akiudhania kuwa ni chembe nyeupe akapandisha hita hadi nyuzi 30, anawapa wale bakteria mazingira wanayoyapenda.

Ukungu halisi ni wa tatu: nyuzi zilizosimama kama sufi, karibu kila mara juu ya jeraha. Kwa gogogo jeraha lenyewe mara nyingi tumelisababisha sisi kwa wavu, kwa maana miiba ya mapezi yake hunasa kwenye nyuzi, na katika kumnasua ngozi huchanika. Mshike kwa kumwongoza aingie kwenye jagi au bakuli. Atalia kwa sauti ya kukwaruza, usishtuke.

Sharubu zikifupika, tazama mchanga kwanza. Chakula kilichooza chini ndicho huzila, na kokoto zenye ncha humalizia. Tumbo likibonyea, fikiri njaa kabla hujafikiri minyoo. Koridora akipanda juu mara moja moja kumeza hewa na kushuka, huo si ugonjwa, utumbo wake umeumbwa kunyonya oksijeni ya hewa; mumi naye ana kiungo cha kupumulia hewa nyuma ya kichwa. Shaka ianze pale anapopanda kila baada ya dakika moja na matamvua yanapiga haraka.

Tiba nne, na ningeanza na ipi

Maji masafi. Hii ndiyo ya kwanza hata kama ugonjwa unaujua kwa jina. Pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Zote zinapaswa kuwa sifuri. Badilisha theluthi moja ya maji leo, na kesho tena, huku ukivuta uchafu wa mchangani kwa mpira. Sharubu zilizoliwa, mapezi yaliyochanika na samaki aliyepoa tu bila alama yoyote, wengi hupona kwa hili peke yake ndani ya wiki moja au mbili. Halina madhara, mradi klorini umeiondoa. Ningekuwa na pesa za kitu kimoja tu, ningenunua kipimo cha amonia kabla ya chupa yoyote ya dawa. Mara nyingi mno nimeona watu wakitibu kimelea ambacho hakikuwepo, huku amonia ikiunguza matamvua.

Chumvi na joto. Kwa chembe nyeupe hii ndiyo ninayoichagua. Pandisha joto nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa hadi 30, weka chumvi gramu 1 kwa kila lita, na ushikilie hivyo siku 10 hadi 14, hata kama chembe zimeondoka siku ya nne. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa, kwa lita 20 za maji, kinakaribia kipimo hicho. Yeyusha kwanza kwenye jagi, umimine kidogo kidogo ndani ya siku moja na nusu. Usiwamwagie chembe za chumvi koridora waliolala chini, zitawachoma. Chumvi ya kawaida ya jikoni inafaa, madini joto yaliyomo ni kidogo mno kudhuru. Usinunue chumvi ya ng'ombe ya agroveti, duka la dawa za mifugo, kwa kuwa ile huchanganywa madini, shaba ikiwemo. Na kumbuka chumvi haikauki pamoja na maji: ukijazia yaliyopungua, jazia maji matupu, la sivyo kila siku unaikoleza.

Udhaifu wake ni hewa. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hushika karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, na kadiri unavyopanda mwinuko ndivyo zinavyopungua zaidi. Kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Udhaifu wa pili ni kwamba si kila samaki anavumilia. Pleko na gogogo hustahimili nyuzi 30. Koridora wa rangi ya shaba hustahimili kwa kubanwa. Koridora panda, mwenye madoa meusi machoni, amezoea maji ya baridi kidogo, na kwake ningeacha joto kwenye 26, nitumie chumvi peke yake na kurefusha tiba hadi wiki tatu. Mimea laini pia huathirika na chumvi.

Dawa ya rangi. Chupa nyingi za kijani zina malakaiti, pengine pamoja na fomalini. Za bluu zina methilini bluu. Uzuri wake ni wepesi: samaki akiwa amefunikwa chembe mwili mzima na matamvua yameziba, chumvi huenda isimwahi. Hapo ningeitumia, lakini nusu ya kipimo kilichoandikwa, nikiwa nimeondoa mkaa kwenye filta maana mkaa huinyonya dawa yote, na kwa kila dozi ningebadilisha robo ya maji kwanza. Methilini bluu ningeiweka katika beseni la pembeni, kamwe si tangini. Inadhuru bakteria wazuri wa filta, wale wanaobadilisha amonia, na gundi ya tangi hubaki na rangi hadi siku utakapoliuza. Kwa ukungu juu ya jeraha, beseni la bluu hafifu linafanya kazi nzuri kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Lipo jambo la malakaiti ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha. Imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Umoja wa Ulaya na Marekani kwa kuwa inashukiwa kusababisha saratani, na mabaki yake hukaa mwilini mwa samaki. Mumi aliyetibiwa kwa chupa ya kijani asiingie sufuriani hata baada ya mwaka, na asipewe jirani. Vaa glavu unapoishika, na watoto wasiipime wao.

Antibiotiki. Kwa kolumnarisi iliyokwisha tambaa, hakuna mbadala wa kweli. Chumvi na maji huipunguza kasi tu. Lakini poda ya kuku ya agroveti iliyokisiwa kwa kijiko si tiba. Nyingi ni oksitetrasiklini, ambayo hushikwa na chokaa katika maji magumu ikapoteza nguvu, huharibiwa na mwanga, na inaweza kuua filta. Kisha dozi nusunusu hufundisha bakteria kuizoea. Mweleze daktari wa mifugo ukubwa wa tangi kwa lita na idadi ya samaki, akupe kipimo. Wakati unasubiri: teremsha joto hadi nyuzi 24, ongeza hewa, mtoe mgonjwa umweke kwenye beseni lake, na usichangie ndoo wala wavu.

Samaki huyu si fagio

Duka litakwambia, "Chukua huyu, atakusafishia tangi." Naomba uikatae kauli hiyo. Hakuna kambare anayeishi kwa mavi ya samaki wengine, na mwani wa tangi la kawaida humalizwa na pleko mmoja ndani ya siku chache. Baada ya hapo ana njaa. Samaki mwenye njaa ndiye wa kwanza kushikwa na kila ugonjwa niliotaja hapo juu, kwa hiyo chakula ni nusu ya tiba.

Flekisi, vile vipande vyembamba vinavyoelea, ni chakula cha wa juu. Tetra wakimaliza, kinachofika chini ni vumbi, na vumbi huoza. Usimhesabie kambare flekisi kuwa mlo.

Peleti zinazozama ndizo msingi wangu. Zina vitamini, zinafika chini, unaweza kuzihesabu. Koridora wangu sita hupata mbili za ukubwa wa punje ya hindi, kila usiku baada ya taa kuzimwa na wa juu kulala. Kisichokuwepo asubuhi kimeliwa, kilichobaki nakitoa na kesho napunguza. Ubaya wake ni bei, na kwamba mjini kwetu wengi huzipima kutoka mfuko uliofunguliwa zamani. Vitamini C huisha upesi hewani, na kambare aliyeikosa kwa muda mrefu hupinda uti wa mgongo. Nunua mfuko mdogo uliofungwa, weka mahali pakavu. Peleti za bwawani zinazoelea ni nafuu zaidi na si mbaya kwa mumi, ambaye hupanda juu mwenyewe kuzichukua; kwa koridora hazifai.

Omena, dagaa wa ziwani. Hapa Kisumu ndicho chakula cha samaki kilicho karibu kuliko vyote, na zaidi ya nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini. Soko la Kibuye nilimuuliza mama mmoja kama anayo ya bei ya chini, kwa ajili ya samaki wa tangi.

"Ile ya kuku iko kwa gunia pale, mwanangu," alinijibu, "lakini ina mchanga. Kama ni ya samaki wako wa nyumbani, chukua hii ya jikoni. Nusa kwanza."

Nilinusa zote mbili. Ile ya gunia ilikuwa na ukali wa mafuta yaliyochacha, unaokaa puani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiacha. Mafuta yaliyochacha huharibu ini la samaki. Ya jikoni naiosha, nailoweka dakika ishirini, naiponda na kuibonyeza kwa vidole ndani ya maji mpaka itoe hewa izame. Gogogo na mumi huipenda kupita kiasi. Koridora hula ikiwa laini. Lakini ni mlo wa mara mbili kwa wiki, kwa sababu huchafua maji haraka na peke yake haikamilishi vitamini. Pleko mwenye ndevu mpe kidogo sana: tumbo lake ni la majani, na protini nyingi humvimbisha.

Huyo wa ndevu mlo wake ni mboga. Tango lililochomwa uma ili lizame, kipande cha malenge, jani la sukuma wiki lililochovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Osha vizuri sana, kwani dawa ya wadudu iliyobaki kwenye sukuma ya sokoni inaweza kumaliza tangi zima. Weka jioni, toa asubuhi. Mwachie na kipande cha gogo la kukwangua. Anakwangua na kumeza, ni sehemu ya chakula chake.

Nyungunyungu aliyekatwakatwa, kutoka shamba lisilopigwa dawa, ndiye ninayempa samaki anayetoka ugonjwani na hataki peleti. Konokono, wadudu na majani ya kutoka Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, sileti nyumbani kabisa, gugu maji likiwemo. Konokono wa humo wanaweza kubeba kichocho, na mikono itakayoingia tangini ni ya watoto.

Wakati wa ugonjwa wenyewe, pumzisha chakula siku moja au mbili. Kambare mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki bila kula. Chakula kisicholiwa ndani ya maji ya nyuzi 30 ndicho hatari, maana amonia hupanda kabla hujaamka.

Kisumu au Nakuru: maji yako yanaamua pia

Dadangu anafuga Nakuru, na tulijifunza kwa gharama kwamba ushauri wangu haumfai wote. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari na tangi langu halishuki chini ya nyuzi 24 hata bila hita. Kwangu kupandisha hadi 30 ni kazi ndogo. Tatizo langu ni oksijeni wakati wa mchana wa joto. Yeye yuko karibu mita 1,850, usiku wa Julai una baridi kali, na stima ikipotea saa nane za usiku hita huzimika na maji hushuka hadi alfajiri. Mara zote mbili alizopata chembe nyeupe, zilikuja baada ya usiku wa namna hiyo. Kwake hita yenye kidhibiti joto na blanketi la kulifunika tangi vimezuia ugonjwa kuliko chupa yoyote. Pampu ndogo ya hewa ya betri tunayo sote wawili.

Maji nayo hayafanani. Ya kwangu ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuyazuia yasiwe na asidi, kwa hiyo tangi lisilobadilishwa maji huchachuka polepole. Ya kwake ni ya kisima, yana alkali na floridi nyingi, na katika maji ya alkali kiasi kile kile cha amonia huwa sumu zaidi. Kwa hiyo akipima akaona hata alama ndogo ya amonia, anabadilisha maji saa hiyo hiyo. Mimi naweza kumalizia chakula changu kwanza. Maji ya bomba tunayaacha sote kwenye ndoo wazi kutwa nzima, au tunatia dawa ya kuondoa klorini kukiwa na haraka.

Basi kama ni koridora au gogogo mwenye chembe nyeupe chache, uko Kisumu: chumvi na joto, wiki mbili. Kama ni Nakuru na huna hita ya kutegemewa, usianze joto utakaloshindwa kulishikilia. Chumvi peke yake, wiki tatu au zaidi, na tangi lifunikwe usiku. Kama chembe zimejaa mwili mzima na anahema, nusu dozi ya dawa ya chupa usiku huo huo. Kama ni utando, teremsha joto hadi nyuzi 24 na mpigie daktari wa mifugo. Kama huoni alama yoyote, mabadiliko ya maji na peleti mbili baada ya taa kuzimwa, kisha rudi na tochi saa nne.

Siku akila tena, mpe robo ya mlo wake wa kawaida kwa siku tatu. Chumvi iondoe kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, robo kila siku ya pili, na joto literemshe nyuzi moja kwa siku.